Kifundo kilichoteguka na mbio za ramani mjini: je, nikimbie?

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Mombasa, na sasa ninaishi London. Kwa miaka minne nimekuwa nikishiriki orientiringi, yaani mbio za kutafuta vituo kwa ramani na dira. Wiki tisa zilizopita, tukiwa mazoezini msituni, nilikanyaga mzizi na mguu wa kulia ukapinduka kwa ndani. Kifundo kilivimba upande wa nje. Nilipigwa eksirei nikaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, nipumzike. Mguu huohuo uliwahi kuteguka mwaka juzi. Sasa ninakimbia kilomita 6 bustanini mara tatu kwa wiki bila maumivu, ila asubuhi kifundo huwa kimekaza kidogo, na nikishuka ngazi najikuta nimeshika reli. Baada ya wiki tatu kuna mbio za mjini hapa London na nimejiandikisha kwa kilomita 7. Mwenzangu wa klabu anasema lami ni salama kuliko msitu, nifunge plasta, nimeze ibuprofen, nikimbie. Mume wangu anasema nisithubutu. Nimsikilize nani?"

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa mguu. Umenieleza mengi yenye faida, lakini lililonifanya nisome barua yako mara ya pili ni lile ulilolitaja kama jambo la kupita, kwamba ukishuka ngazi mkono wako hukamata reli bila wewe kuuamuru. Nikikuelewa vizuri, huulizi kama kifundo chako kinaweza kukimbia, kwa maana kinakimbia tayari. Unauliza kama kinaweza kuaminiwa pale ambapo macho na akili vimo kwenye ramani na hakuna anayeiangalia ardhi. Jibu langu ni kwamba kwa hali uliyoieleza bado hakijafika hapo, kwamba wiki tatu zinaweza kutosha kukifikisha endapo utazitumia kwa kazi tofauti kabisa na ile ya kuzunguka bustani, na kwamba kati ya kauli ya mwenzako na kauli ya mumeo ipo njia ya tatu ambayo mchezo wenyewe unairuhusu.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu, mkimbiaji hukabidhiwa ramani wakati wa kuanza, si kabla, na hutakiwa kuvipitia vituo vyote kwa mpangilio uliowekwa, akithibitisha kila kimoja kwa kifaa kidogo cha kielektroniki anachokivaa kidoleni. Njia ya kutoka kituo hadi kituo anaichagua mwenyewe. Mchezo ulizaliwa katika misitu ya Skandinavia, na mashindano ya kwanza yaliyokuwa wazi kwa umma yalifanyika Norwe mwaka 1897, lakini siku hizi miji nayo ina nafasi yake kamili: London ina mbio zake za jiji tangu 2008, na mashindano ya dunia ya 2024 yalifanyika Edinburgh.

Tuanze na hoja ya lami. Ni kweli kwamba lami haina mizizi wala mashimo yaliyofunikwa na majani. Lakini ramani ya mjini mara nyingi huchorwa kwa kipimo cha 1:4000, ambapo sentimita moja kwenye karatasi ni mita 40 ardhini. Ukikimbia kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, sentimita hiyo unaimaliza kwa sekunde 14 hivi, na ndani ya sekunde hizo unatakiwa ujue kona inayofuata iko wapi, ngazi zilizo mbele zinapanda au zinashuka, na ukuta ulioko kando unaruhusiwa kuvukwa au la, kwa sababu kuvuka ukuta au bustani iliyopigwa marufuku kwenye ramani kunakuondoa kwenye matokeo. Vituo navyo vinaweza kufika ishirini na kitu, na kila kituo maana yake ni kufunga breki, kunyoosha mkono, kugeuka na kuondoka kwa kasi kuelekea upande mwingine. Ongeza kona za vichochoro, kingo za njia za waenda kwa miguu, mawe ya zamani yanayoteleza mvua ikinyesha, na ngazi, hasa katika maeneo kama Barbican ambako njia za miguu zimeinuliwa juu ya barabara. Halafu zile kilomita 7 kwa kawaida hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo miguu yako itakwenda zaidi ya hapo, pengine hata 9. Bustanini unakwenda mbele tu, na mguu unaokwenda mbele tu hauzivuti sana kano za upande wa nje. Zinazovutwa ni za mguu unaokata kona na unaoshuka. Kilomita 6 zako, ambazo nakupongeza kwa dhati, zimeupima moyo, mapafu na vigimbi, ila kile kilichoumia hazijakigusa sawasawa.

Hoja ya pili ni ya maumivu, na hapa wengi hupotea. Eksirei ilikuonyesha mifupa, na ilikuwa sahihi kupigwa, lakini haionyeshi kano zinazofunga mfupa na mfupa, wala haionyeshi gegedu. Kano iliyochanika hupitia siku za mwanzo za uvimbe na joto, kisha kwa wiki kadhaa mwili hujaza pengo kwa nyuzi mpya zilizowekwa harakaharaka bila mpangilio, kama ukindu uliomwagwa chini kabla mkeka haujasukwa. Baada ya hapo huanza kazi ndefu ya kuzipanga nyuzi hizo zielekee upande unaovutwa, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka. Maumivu huondoka mapema katika safari hiyo. Katika wiki ya tisa mtu anaweza kuwa hana maumivu kabisa huku kano yake ikiwa haijarudia uimara wake, na kitu kinachoipanga si kupumzika bali ni kubebeshwa mzigo kidogokidogo. Kupumzika kulikufaa siku za mwanzo. Kulipoendelea bila mazoezi maalumu, misuli inayokilinda kifundo ikabaki imelegea, na nadhani ndivyo ilivyokuwa pia mwaka juzi, kwa sababu mguu ulioteguka mara moja bila kuzoezwa upya ndio unaoteguka tena.

Sasa niruhusu nikueleze kwa nini ngazi zinakutisha, maana mwili wako haukosei. Ndani ya kifundo kuna mfupa uitwao talasi, uliobanwa kati ya ncha za mifupa miwili ya mguu wa chini. Talasi ni mpana kwa mbele na mwembamba kwa nyuma. Unapokuwa umekunja kifundo na vidole vimeelekea juu, sehemu pana ndiyo iliyobanwa, na kiungo kinakuwa imara. Unapoelekeza vidole chini, kama mtu anayekitafuta kipandio cha ngazi kilicho mbele yake, sehemu nyembamba ndiyo inayoingia katikati, mifupa inalegea, na kazi ya kukizuia kifundo kisipinduke inaangukia kano za mbele upande wa nje, ambazo ndizo hasa huchanika watu wanapoteguka na karibu kwa hakika ndizo ulizoumia wewe.

Kuna jambo jingine ambalo nalipa uzito kuliko yote. Mguu hupinduka upesi mno, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde tangu wayo uguse ardhi. Misuli ya upande wa nje wa muundi, ambayo ndiyo askari wa kifundo, ikisubiri iambiwe kwamba mguu unapinduka, hukuta mambo yamekwisha. Kinachomwokoa mtu ni misuli kuwa imekwisha kukazwa kabla wayo haujatua, na ubongo hujua ukaze kiasi gani kwa kukusanya habari kutoka sehemu tatu: hisi zilizomo ndani ya kiungo, mazoea ya hatua zilizopita, na macho. Kano zinapochanika, hisi zilizomo ndani yake nazo huumia, na habari zinazotoka kwenye kifundo hupungua. Mwili, bila kukuuliza, huanza kuyategemea macho zaidi. Watafiti waliowapima watu wenye vifundo vinavyoteguka mara kwa mara wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja wamekuta hivyo hivyo. Nawe katika mbio za ramani unayaondoa macho ardhini na kuyaweka kwenye karatasi, ukiwa unashuka, ukiwa umechoka, ukiwa unafikiria kituo cha kumi na tisa. Bustanini macho yalikuwa yanakisaidia kifundo muda wote, na ndiyo maana kilionekana kimepona.

Kuhusu ibuprofen, ninamwomba mwenzako aniwie radhi, kwa sababu ushauri wake naupinga waziwazi. Dawa hiyo haiongezi uimara wa kano hata chembe. Inachofanya ni kuondoa ishara ya mwisho ambayo ingekuambia usimame, na kuimeza kabla ya jitihada ndefu, mwili ukiwa unapoteza maji, kunaweza kuyachosha mafigo na kulisumbua tumbo. Ukifika asubuhi ya mbio ukaona huwezi kuanza bila kidonge, basi jibu la swali lako umelipata, usianze.

Kwenye kufunga kifundo yuko sahihi zaidi. Kwa mtu aliyewahi kuteguka, plasta ya michezo au kile kishikizo cha kufunga kwa kamba hupunguza kweli uwezekano wa kuteguka tena, na dhana iliyoenea kwamba kukivaa michezoni kunadhoofisha misuli haina msingi, mradi mazoezi yanaendelea. Mimi nakipendelea kishikizo cha kamba kwa sababu plasta hulegea kadiri jasho na hatua zinavyoongezeka, ilhali kamba unaweza kuikaza upya. Kivae katika mbio na katika mazoezi ya kasi kwa miezi kadhaa ijayo, lakini ukivue unapofanya mazoezi ya usawa nyumbani, ili kifundo kijifunze.

Basi wiki tatu hizi zitumike namna hii. Punguza mbio za bustani ziwe mbili, na kila siku tenga kama robo saa ya kifundo peke yake. Simama pekupeku kwa mguu wa kulia, goti likiwa limekunjwa kidogo, hata wakati unapiga mswaki; ukiweza nusu dakika bila kuyumba, fumba macho; ukiweza na hapo, simama juu ya taulo iliyokunjwa, kisha mwambie mtu akutupie mpira uudake na kuurudisha. Usilidharau zoezi hilo la mpira, kwani ndilo linaloanza kukufundisha kusimama ukiwa na shughuli nyingine kichwani. Simama pia ukingoni mwa kipandio cha ngazi ukainue kisigino na kukishusha taratibu kwa mguu mmoja, na funga utepe wa mpira wa mazoezi kwenye wayo uusukume kuelekea nje, ukihisi msuli wa kando ya muundi unavyofanya kazi.

Wiki ya pili ongeza kugeuka. Weka viatu viwili mita 10 kutoka kimoja hadi kingine, uvizunguke kwa mchoro wa namba nane, kwanza polepole, kisha kwa kasi, kisha uvisogeze vikaribiane hadi mita 5. Rukaruka kwa mguu mmoja kuvuka mstari, kulia na kushoto. Shuka ngazi kwa miguu bila kushika reli, ukiwa karibu nayo, na usianze kuzishuka kwa kukimbia mpaka kutembea kuwe hakukufikirishi tena. Wiki ya tatu, chukua ramani ya mbio za zamani, uende mtaa ulioonyeshwa humo au wowote unaofanana nao, utembee ukiisoma, kidole gumba kikiwa pale ulipo, kisha ukimbie taratibu ukiisoma. Ungekuwa nyumbani Mombasa ningekutuma Mji wa Kale saa za alfajiri, kabla watu hawajajaa, kwa kuwa vile vichochoro vyenye kona za ghafla vingekupa kila unachokihitaji. Siku nne za mwisho pumzisha miguu, ubakize mazoezi ya usawa tu.

Uamuzi usiufanye leo wala asubuhi ya mbio, wakati shauku imekwisha kukukamata. Ufanye siku tano kabla, kwa kulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Piga goti la mbele liguse ukuta bila kisigino kuinuka, usogeze mguu nyuma mpaka ukomo wake, upime umbali wa kidole gumba kutoka ukutani. Tofauti kati ya miguu miwili isizidi sentimita 2 hivi. Inua kisigino kwa mguu mmoja ukihesabu, na wa kulia ufikie angalau sehemu tisa kwa kumi za idadi ya wa kushoto. Ruka mara kumi kuvuka mstari kwa kila mguu, na ujisikilize kama kuna wasiwasi. Mwisho, shuka ngazi kwa mbio za taratibu ukiwa na ramani mkononi. Mkono ukikimbilia reli, amini mkono. Kifundo kikivimba au kikikaza zaidi kesho yake, hilo nalo ni jibu.

Ukifaulu yote, bado sikushauri kilomita 7. Waulize waandaaji kama unaweza kuhamia njia fupi, jambo ambalo kwa kawaida hukubalika, ingawa huenda usihesabiwe kwenye ushindani wa rika lako. Ukifaulu nusu, ingia njia fupi hiyohiyo utembee. Katika orientiringi kutembea hakukatazwi wala si aibu, na wapo wanaoifurahia hivyo miaka yote, kwa maana sehemu tamu ya mchezo huu ni kuchagua njia, na hiyo haihitaji kasi. Usipofaulu lolote, mumeo ana haki kwa safari hii, lakini ni kwa safari hii tu, na umwambie nimesema hivyo, kwa sababu mwanamke wa miaka 41 aliyeacha kukimbia kwa hofu ya kifundo hupoteza mengi kuliko kifundo. Ninajua kinachokuvuta. Umelipa, umejiandaa, wenzako wote watakuwepo. Hata hivyo, kutonesha kano hiyo mara ya tatu kunaweza kukifanya kifundo kiwe kilegevu kwa kudumu, na hapo hatutakuwa tunazungumzia mbio moja.

Ukiwa mbioni, cheza kama mtu mwenye kifundo cha kulinda. Katika njia mbili zinazokaribiana, chagua ile isiyo na ngazi za kushuka hata kama ni ndefu kwa mita 50. Simama kabisa unapoisoma ramani mahali pagumu. Sekunde 5 za kusimama mara nyingi hurudi kwa kutopotea. Amua njia ya kituo kinachofuata kabla hujakifikia hiki, ili ukigeuka macho yawe huru kuitazama ardhi. Na kwa kuwa jiji halifungwi kwa ajili yenu, kumbuka kwamba baiskeli na watu wanaotokea kwenye kona watakulazimisha kukwepa bila kujiandaa.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Kama kifundo kinakuachia ghafla hata ukiwa unatembea tu, kama kinakwama au una maumivu ya ndani kabisa ya kiungo, kama uvimbe bado unarudi kila jioni, kama maumivu yako yako juu ya kifundo, kati ya ile mifupa miwili, au kama unahisi ganzi mguuni, nenda ukaonane na mtaalamu ana kwa ana kabla ya kuanza mpango huu. Kwa kuwa umeteguka mara mbili mguu mmoja, mimi ningekushauri uende hata bila dalili hizo. Katika maeneo mengi ya Uingereza unaweza kujipeleka mwenyewe kwenye huduma ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ya NHS, mfumo wa afya wa umma, bila kupitia kwa daktari wako wa familia. Kigimbi kikivimba, kikauma na kuwa na joto, hilo si suala la michezo, muone daktari siku hiyohiyo, kwani damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Kifua kikibana au pumzi ikikatika pamoja na hayo, piga simu ya dharura.

Na mguu ukipinduka tena mbioni, simama. Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa nundu ya kifundo, wa ndani au wa nje, hasa kwa nyuma na kwenye ncha yake, au mfupa wa ukingo wa nje katikati ya wayo, ukasikia maumivu makali juu ya mfupa wenyewe, eksirei inahitajika tena. Ukiweza kutembea, usijaribu kumalizia vituo vilivyobaki. Tembea moja kwa moja hadi mahali pa kumalizia mbio ukasomeshe kile kifaa chako cha kidoleni hata kama umejitoa, kwa sababu mpaka ufanye hivyo waandaaji wanakuhesabu kuwa bado uko njiani, na jioni wataanza kukutafuta.